Wageni 30 Idi Mosi, mwenyeji akae na watu: hesabu ya pilau, mkaa, vinywaji na ratiba

#1 Kibaraza

Assalaam aleikum wanajukwaa. Ramadhani inaelekea ukingoni na maswali ya Idi yametapakaa kwenye nyuzi tofauti, kila mmoja na kipande chake: mchele kilo ngapi, sufuria saizi gani, juisi ilale wapi. Tuyakusanye hapa. Mfano nitakaoushika ni nyumba ya kawaida ya mjini: wageni 30 (wakubwa 20, watoto 10), chakula cha mchana Idi Mosi, wapishi wawili, jiko la mkaa uani, friji moja.

Ninachokitetea ni kimoja. Ikifika saa 7 mchana mwenyeji awe ameshaoga, amevaa, amekaa na watu. Hilo haliwezekani bila siku ya Idi kubakiwa na kazi moja tu ya moto, nayo ni pilau. Kingine chochote kiwe kimekwisha kabla, au kisiwepo kabisa. Biriani, mbuzi wa kuchoma, sambusa na keki siku moja kwa watu wawili jikoni, hapana.

Ugumu wa Idi el Fitri ni mwezi. Ramadhani ni siku 29 au 30, na hujui mpaka Magharibi imeingia. Aliyepanga kila kitu kwa siku ya 30, mwezi ukiandama 29 anakutana na mji mzima buchani saa 3 usiku. Kwa hiyo panga kazi kwa kuangalia kipi kinaweza kusubiri siku moja zaidi bila kuharibika. Vitunguu vya kukaanga vinasubiri. Nyama iliyogandishwa inasubiri. Visheti vinasubiri wiki. Kachumbari na kaimati hazisubiri.

Hesabu ya mchele: mtu mzima gramu 150 za mchele mkavu, mtoto gramu 80. Hiyo ni kilo 3.8. Ongeza sahani za majirani na mgeni asiyetarajiwa, pika kilo 5.

#2 Tungule

Shukran dada Kibaraza. Weka basi vipimo vyote vya kilo 5, maana wengi tunajua vya kilo moja, tukizidisha mara tano mambo yanaharibika.

#3 Kibaraza

Dada Tungule, kinachoharibika ni maji na viungo vikali, hivyo havizidishwi kama mchele.

Mchele kilo 5. Nyama ya ng'ombe kilo 4, tatu za mnofu na moja ya mifupa kwa ajili ya supu, vipande vya ukubwa wa kiberiti. Vitunguu maji kilo 2. Viazi kilo 2. Saumu gramu 200 na tangawizi gramu 200, zimesagwa. Mafuta robo tatu ya lita. Binzari nyembamba gramu 70, pilipili manga gramu 20, mdalasini gramu 20, iliki gramu 15. Karafuu gramu 6 tu, kwa sababu ikizidi inaleta uchungu na ganzi mdomoni, na hakuna cha kuitoa. Chumvi vijiko vya chakula saba hivi. Onja supu kabla ya kutia mchele. Iwe imezidi kidogo ulimini, mchele utaimeza.

Maji: kwa sufuria ndogo tunatia kikombe na nusu kwa kikombe cha mchele. Kwa kilo 5 ukifanya hivyo unapata bokoboko. Sababu ni kwamba mvuke unaopotea hauongezeki sawa na mchele, sufuria kubwa inapoteza kidogo kwa kila kilo. Mchele ukishalowekwa nusu saa na kuchujwa vizuri, tia supu lita 7, na weka lita moja ya moto pembeni. Usiitie mpaka uone unaihitaji.

#4 Uzile

Nyongeza kuhusu jina la kiungo, maana watu hununua kitu kingine. Inayotakiwa ni ile mbegu nyembamba ya kahawia, huku Zanzibar tunaiita uzile au bizari ya pilau, wengine jira. Ukifika dukani ukasema "bizari" tu unaweza kupewa ya manjano au ya mchuzi iliyochanganywa, na pilau itageuka rangi na harufu. Nunua nzima, kaanga kavu dakika mbili moto mdogo mpaka inukie, twanga siku hiyohiyo. Ya unga iliyokaa dukani miezi imeshapoteza harufu. Watu wanaongeza mara mbili, wanachopata ni uchungu.

Na gramu 70 kwa kilo 5 naona ni kiasi cha wastani. Wapenda viungo wafike 90, wasivuke hapo.

#5 Tungule

Rangi je? Yangu hutoka nyeupe ingawa viungo vipo.

#6 Kibaraza

Rangi ya pilau inatoka kwenye kitunguu. Hapa ndipo pa kutumia muda.

Kilo 2 za vitunguu zinachukua dakika 25 hadi 35 kwenye mafuta. Mwanzo vinatoa maji na kuchemka, dakika kumi na zaidi huoni rangi yoyote, na hapo ndipo watu wanakata tamaa wakatia nyama. Subiri. Maji yakiisha, sauti ya sufuria inabadilika kutoka kububujika hadi kuchachatika kwa ukali, na kuanzia hapo rangi inakuja mbio: dhahabu, kahawia, kahawia iliyoiva kama ganda la tende. Kati ya hiyo ya mwisho na kuungua ni dakika moja au mbili. Ikifikia rangi ya tende mwagia kikombe cha supu hapohapo kuzuia, kwani mafuta yanaendelea kukaanga hata ukiipua. Ikiwa nyeusi, itupe uanze upya. Kitunguu cheusi hakifichwi na kiungo chochote.

Kazi hii ifanye Ramadhani 27 au 28, baada ya Tarawehe. Hiki cha kuhifadhi usikitie supu, badala yake kichuje mafuta hapohapo, kitandaze kipoe, kifunge kwenye kopo, weka friji. Kinakaa siku nne bila shida. Mafuta yake yahifadhi, ndiyo ya kupikia. Saumu na tangawizi iliyosagwa igandishe kwenye vifuko vidogo. Usiiache nje ya friji ikiwa imelala ndani ya mafuta, ni hatari kwa afya hata kama haijanuka.

#7 Makuti

Nyama mwezi ukiandama ghafla? Kilo 4 zilizoganda kama jiwe haziyeyuki usiku mmoja.

#8 Kibaraza

Zinaganda kama jiwe kwa sababu zilitiwa kwenye mfuko mmoja. Ikate kabla ya kugandisha, igawe kilo moja moja, ibonyeze mfuko uwe bapa kama daftari. Vipande vidogo hivyo unaweza kuvitia sufuriani vikiwa bado na barafu, ongeza nusu ya muda wa kuchemsha. Mwezi ukitangazwa saa 2 usiku, saa 5 nyama imeiva.

Ila tahadhari: sufuria ya lita 9 za supu usiifunike ukailaza mezani, wala usiitumbukize nzima kwenye friji. Katikati itabaki vuguvugu usiku kucha na ndipo inapochacha. Toa nyama kwenye trei, supu igawe kwenye vyombo vipana visivyo na kina, vikalishe kwenye beseni la maji ya baridi nusu saa, kisha friji. Ndani ya saa mbili tangu kuipua iwe imeingia. Asubuhi ichemshe upya mpaka itokote. Asiye na friji achemshe alfajiri, asijaribu usiku.

#9 Fundi Jiko

Sufuria na moto, wakuu. Kilo 5 za mchele zikiiva zinakaribia lita 15, ongeza nyama na viazi, unahitaji sufuria ya lita 30 ili ibaki nafasi ya kugeuza. Lakini asiyewahi kupika kiasi hicho nashauri masufuria mawili ya lita 15 au 16, kila moja kilo mbili na nusu. Kwenye sufuria moja kubwa mchele wa juu unaulemea wa chini, chini inakuwa ugali na juu mbichi. Kwenye mawili kosa likitokea nusu ya chakula ipo salama. Sufuria iwe nzito. Ile bati nyembamba ya kukodi inaunguza mahali pamoja, ukiikuta weka bamba la chuma kati yake na moto wakati wa kupalia, yaani kuikausha pilau kwa makaa machache chini na mengine juu ya mfuniko.

Gesi: mtungi wa kilo 6 wenye jiko juu yake usibebeshwe sufuria ya lita 30. Pilau yote ni zaidi ya kilo 18 bila sufuria, na kitako chake ni kipana kuliko miguu ya lile jiko. Mtu akigeuza kwa nguvu inapinduka, na ni supu inayochemka. Kama ni gesi, tumia jiko la chini la miguu mitatu au minne lenye mpira, mtungi ukae mbali. Pitisha povu la sabuni kwenye maungio ya mpira kabla ya kuwasha. Povu likitoa mapovu mapya, gesi inavuja.

Mkaa: andaa ndoo ya lita 20, hutaumaliza. Uwe mkavu na wa vipande vya ngumi. Vumbi la chini ya gunia linaziba hewa.

Na jiko la mkaa lisiingizwe ndani kamwe, si jikoni penye mlango uliofungwa, si ukumbini kuweka chakula moto. Moshi ukiisha watu hudhani ni salama, kumbe makaa mekundu yanatoa monoksidi ya kaboni, haina harufu, na inaua.

#10 Makuti

Na mvua? Idi siku hizi inaangukia Machi, mwaka 2025 ilikuwa mwishoni mwa mwezi huo, pwani masika yanaanza.

#11 Fundi Jiko

Pika chini ya bati, hata la banda la kuku likisafishwa. Turubai la plastiki juu ya mkaa linayeyuka na kudondokea sufuriani. Turubai ni la wageni. Lifunge upande mmoja juu kuliko mwingine kwa nusu mita au zaidi, maji yateremke. Likifungwa bapa linatengeneza tumbo, na tumbo lile likijaa linaangusha nguzo. Mkaa uinue kutoka sakafuni tangu jana yake.

#12 Tungule

Dada Kibaraza, sasa siku yenyewe, saa kwa saa.

#13 Kibaraza

Nahesabu kurudi nyuma kutoka saa 7 na nusu mchana, watu wametoka Adhuhuri.

Saa 4 na nusu asubuhi, mmeshatoka Swala ya Idi na kunywa chai, washa mkaa. Saa 5 loweka mchele, uoshe kwanza mara tatu nne mpaka maji yasiwe kama maziwa. Wakati huohuo mafuta yapate moto, saumu na tangawizi dakika mbili, viungo dakika moja, vitunguu vilivyokwishakaangwa, nyama, viazi. Geuza dakika kumi nyama ishike rangi. Supu iingie ikiwa inachemka. Supu baridi inazima moto na kuchelewesha kila kitu nusu saa.

Saa 5 na dakika 45 mchele ndani. Geuza mara moja kutoka chini, tuliza. Moto uwe mkali. Usiguse mpaka supu ishuke na kuonekana matundu juu ya mchele, dakika 12 hadi 15. Hapo geuza tena mara moja, taratibu, kwa kuinua kutoka pembeni. Kila ukikoroga unavunja punje, na punje iliyovunjika ndiyo gundi. Jaribu punje kwa vidole: ikibonyea ikabaki kiini kidogo kigumu katikati, ni wakati wake. Ikiwa kiini ni kikubwa na supu imeisha, ndiyo ile lita ya pembeni, nyunyiza kikombe kimoja kimoja.

Kupalia: ondoa makaa mengi chini, bakisha machache yaliyosambazwa. Funika kwa mfuniko unaobana, ukilegea weka karatasi ya foili kwanza. Yale uliyoyatoa yaweke juu ya mfuniko. Dakika 35 hadi 40. Saa 7 kasoro dakika 10 pilau imekauka na mwenyeji ameshaingia kuoga tangu saa 6 na robo, kwa sababu kupalia hakuhitaji mtu wa kusimama, kunahitaji mtu mmoja wa kuchungulia mkaa.

#14 Mkaazi wa Ghorofani

Tulio Muscat na kwingine ghorofani, mkaa marufuku. Mchele ukifikia kiini kidogo, funga sufuria kwa foili na mfuniko usio na mpini wa plastiki, ingiza kwenye oveni iliyokwisha kupata moto nyuzi 150 za Selsiasi, dakika 35. Matokeo ni yaleyale. Sufuria ya kilo 5 haiingii kwenye oveni ya nyumbani, kwa hiyo gawa mapema. Na kama ni basmati iliyokaa muda mrefu, inataka supu kidogo zaidi kuliko mchele mpya wa Mbeya au Morogoro. Mchele mpya unyimwe.

#15 Makuti

Ikiungua?

#16 Fundi Jiko

Zima, ipua, usikwangue chini na usigeuze. Hamishia ya juu kwenye sufuria nyingine kwa kuichota, ukifika kwenye tabaka la kahawia acha. Harufu ya moshi inapanda kwa mvuke, kwa hiyo iache wazi dakika tano kabla ya kuifunika tena. Chumvi ikizidi, viazi haviivuti kama watu wanavyoamini. Dawa ni kuchemsha kilo moja ya mchele mweupe bila chumvi na kuuchanganya. Ikiwa mbichi juu, nyunyiza supu inayochemka kikombe kimoja, tandaza kitambaa safi kilicholowa juu ya mchele, funika, ongeza makaa juu si chini.

#17 Uzile

Vitafunwa. Kibaraza amegusia visheti na kaimati, niseme tofauti ya shira zake kwa sababu wengi wanatumia moja kwa zote mbili.

Visheti unataka sukari igande nyeupe juu yake. Shira yake haina ndimu: sukari nusu kilo, maji robo lita, ichemke mpaka tone likiwekwa kati ya vidole livute uzi. Tia visheti vilivyopoa, ipua, geuza bila kuacha mpaka shira inyauke na kuwa unga uliovishika. Kugeuza ndiko kunakoigandisha. Kopo lisilopitisha hewa, wiki nzima.

Kaimati unataka ing'ae. Hapo ndimu ni lazima, kijiko kimoja cha chai cha maji yake, inazuia sukari isigande. Shira iwe ya vuguvugu nzito, kaimati za moto. Shira ikiwa nyepesi inapenya na ganda linalegea ndani ya dakika kumi. Lakini kaimati ni kazi ya kusimama juu ya mafuta Idi asubuhi. Kwa msimamo wa uzi huu, visheti vinatosha.

#18 Mama Sinia

Kachumbari ya watu 30: nyanya kilo 3, vitunguu kilo moja na nusu, matango mawili matatu, pilipili, ndimu kumi. Vitunguu vikate asubuhi, visugue na chumvi kijiko kikubwa, suuza mara mbili kwa maji safi, makali yanaondoka. Nyanya zikatwe saa 6 na nusu. Chumvi na ndimu vitiwe wakati masinia yanatoka, kwani chumvi inavuta maji na baada ya nusu saa una bakuli la supu ya nyanya.

Juisi ya ukwaju: nusu kilo ya ukwaju, loweka kwenye lita 2 za maji ya moto nusu saa, fikicha, chuja mara mbili, ongeza maji safi ifike lita 6, sukari gramu 600. Tengeneza nzito usiku wa mwezi, maji yaongezwe mchana. Wageni 30 wanataka lita 11 au 12, kwa hiyo fanya mara mbili, ukwaju moja na ubuyu moja. Usitie barafu ndani, inaipoozesha ladha, na barafu ya kununua hujui maji yake. Gandisha chupa za lita moja na nusu siku tatu kabla, zijaze kasoro vidole vitatu zisipasuke, uzitumbukize zikiwa zimeoshwa. Maji ya kunywa yawe zaidi ya juisi.

Sinia moja watu wanne au watano, kwa hiyo masinia saba. Nyama igawe kwa mkono wa mtu mmoja, kila sinia ihesabiwe vipande, vinginevyo sinia la mwisho linabaki viazi. Watoto wapakuliwe kwanza.

#19 Makuti

Wageni hawaji kwa pamoja. Wengine saa 7, wengine saa 10. Pilau ya waliochelewa?

#20 Mama Sinia

Igawe ikiwa moto bado. Nusu ibaki kwenye sufuria, mfuniko umefungwa, juu ya makaa machache yaliyofunikwa majivu. Kipimo ni mvuke: ukifunua uinuke, na kijiko cha katikati kisivumilike ulimini. Chini ya hapo chakula kinaingia kwenye hatari, wali hasa, kwa sababu una vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kupikwa, zinaamka wali ukipoa taratibu, na sumu yake haiondoki kwa kupasha. Kilichopoa mezani zaidi ya saa mbili, au saa moja siku ya joto kali, kisirudishwe sufuriani.

Hotpoti ni nzuri kwa saa tatu hivi, ila isuuze kwa maji yanayochemka kwanza na uijaze. Ikiwa nusu, inapoa haraka.

#21 Tungule

Mambo madogo ambayo hayajatajwa: maji ya chooni. Bomba likikatika, watu 30 mchana mzima wanamaliza lita 300 hadi 400. Jaza pipa siku ya 28. Kunawa, ndoo ya lita 20 yenye bomba nje ya mlango, sabuni, na beseni chini yake, mnapunguza msongamano bafuni. Umeme wa LUKU nunua kabla ya siku ya 29. Na noti mpya ndogo za mkono wa Idi kwa watoto, ziombe wiki moja kabla, zinaisha.

#22 Mkaazi wa Ghorofani

Mgeni mwenye sukari? Kila mwaka anaambulia maji.

#23 Mama Sinia

Mtengee juisi ya ukwaju kabla ya sukari kuingia, ichanganye na maji zaidi, iandike chupa. Chakula chake kiwe kwenye sahani si sinia, apimie mwenyewe: pilau kidogo, nyama, kachumbari nyingi, na bakuli la kunde au choroko zilizochemshwa usiku. Asiulizwe mbele za watu kwa nini hali visheti.

#24 Kibaraza

Nimeweka vipimo vya #3 vikiwa na marekebisho ya Uzile. Mwenye jiko la kuni aandike hapa chini kuhusu kupalia kwa makaa ya kuni, yanazima mapema kuliko mkaa na dakika 35 hazifiki bila kuyabadilisha mara moja.